Nane Zilizogeuzwa Sita

Watu wa mji mdogo wa Murtal watakuambia kuwa Zulmira Rebocho ni mama asiye na huruma, aliyemwanika mwanawe mbele ya wanaume kumi na sita wenye mashoka. Waache waseme. Hao hao ndio waliokuwa wakipita barabara ile tangu mwezi wa nne, wakaona miti ya mteremko wa Dona Herminia imebadilika namba, wakatazama pembeni. Midomo yao waliiweka akiba, wakaja kuitumia kwa mtu aliyesema kweli.

Zulmira ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kupiga namba. Ameifanya viangazi thelathini na kimoja katika mialoni ya vizibo, miti ambayo gome lake hukatwa kuwa vizibo vya chupa. Wachunaji hutangulia wawili wawili, wanalipasua gome kwa shoka na kulibandua kwa ncha ya mpini, na yeye hufuata nyuma na ndoo ya rangi nyeupe. Shina lililovuliwa gome huwa jekundu na lina unyevu, ungedhani goti la mtoto aliyeanguka sasa hivi. Hapo huandika tarakimu moja tu, ya mwisho ya mwaka. Mti uliochunwa mwaka 2016 una sita, uliochunwa 2018 una nane. Gome jipya huota na kunenepa, namba hubaki juu yake, na sheria ni kwamba mti ule hauguswi mpaka itimie miaka tisa. Ukichunwa mapema gome lake ni jembamba, halifai kwa kizibo cha chupa yoyote, na kiangazi kikiwa kikali mti wenyewe hukauka ukiwa umesimama.

Kwa hiyo namba ile ndiyo neno la mwisho. Mnunuzi anaisoma, mwenye shamba anaisoma, mkaguzi wa serikali anaisoma bila kushuka kwenye gari. Zulmira huipiga upande wa barabara, kubwa kama sahani, hata pale ambapo upande wa pili una kivuli na ungemfaa zaidi mtu mwenye goti bovu.

"Isomwe na kila mtu," husema. "Ningetaka siri ningeandika barua."

Na nyumbani alijiona hivyo hivyo. Alimwambia Adelino, mumewe, siku ya pili ya uchumba kuwa yeye mwenyewe hukoroma, ili asije akadai ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwana wao Telmo alipofeli mtihani wa hesabu, ni Zulmira aliyewaambia majirani kabla hawajauliza. Alikuwa akijivunia hilo, akilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwaka huu Telmo, ambaye sasa ana miaka thelathini na mitatu, aliacha kuchuna kwa ajili ya wengine akawa mkandarasi mwenyewe, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mteremko wa Dona Herminia. Bibi huyo ana miaka themanini na sita, yuko katika nyumba ya wazee huko Évora, na macho yake yamemwacha. Wakandarasi watatu walimpigia simu. Aliwasikiliza wote kwa adabu, halafu akasema: "Akiwepo mtoto wa Zulmira, sina haja ya kuuliza zaidi." Kumbuka maneno hayo, kwa maana ndiyo yaliyomchoma Zulmira kuliko yote.

Uchunaji ulikuwa uanze Jumatatu. Jumapili asubuhi, akiwa amevaa nguo za kanisani bado, Zulmira alipanda mteremkoni kwa njia ya nyuma kukadiria miti ili ajue achanganye rangi kiasi gani. Zamu ya mwaka huu ni ya miti yenye sita. Sita zake anazijua ziko juu, karibu na ukingo wa mlima, na alijua mingi imekufa kwa ukame. Lakini alipokuwa akishuka, nusu ya mteremko, mbali chini ya ukingo, akakuta sita nyingine. Akasimama. Akaona nyingine, na nyingine, safu nzima mpaka barabarani.

Mteremko ule wa chini aliupiga yeye mwenyewe mwaka 2018, goti likiwa limefungwa bendeji. Alikumbuka jua la siku ile. Nane yake ni ya miviringo miwili, mmoja juu ya mwingine, kama mtu wa theluji anayechorwa na watoto, kwa sababu hajawahi kuweza kuiandika kwa mzunguko mmoja. Sita yake ina shingo ndefu iliyonyooka. Na hizi sita za hapa hazikuwa na shingo yoyote. Zilikuwa na kichwa cha mviringo, na mviringo huo ulikuwa umekwanguliwa upande wa kulia.

Akapitisha kidole. Gome lilikuwa na mikwaruzo ya brashi ya waya, na vumbi jepesi lilimshika kidoleni.

Alihesabu miti mia mbili na kumi na miwili. Ilimchukua saa nzima, akichechemea toka mmoja hadi mwingine, na hasira ilikuwa ikimpanda kwa kila mti, maana kila mmoja ulikuwa mwandiko wake. Mtu ameuchukua mkono wake akausemesha uongo. Ni miti ya miaka saba. Wangeichuna kesho, na yeye angekuja nyuma yao akiimba na ndoo yake, akipiga tano ya mwaka huu juu ya miti ambayo haijafika zamu, na gome la zamani lenye ushahidi lingepakiwa kwenye lori likaenda zake.

Nyumbani, Adelino alikuwa amepika supu ya mkate, yenye kitunguu saumu, giligilani nyingi na yai juu yake, na samaki wa chumvi pembeni. Telmo alikuwa amefika na chupa ya mvinyo, amekaa pale anapokaa kila Jumapili. Zulmira hakuketi. Aliweka mkoba mezani, karibu na mkate.

"Nani kanigeuzia nane zangu?"

Telmo alitazama chupa. Adelino alitazama supu, na alivyoitazama kwa bidii ile, Zulmira akapata jibu ambalo hakuwa amelitafuta.

"Adelino!"

"Keti kwanza ule, mke wangu. Yai linapoa."

"Yai lipoe, liote mbawa liruke! Wewe ulijua?"

"Nilimsaidia kidogo," akasema Adelino kwa sauti ya chini. "Siku mbili tu. Ile wiki uliyokwenda Beja kwa daktari wa goti ukalala kwa dada yako."

"Mimi nimelala kwa dada yangu na mguu juu ya mto, na mume wangu yuko mlimani anakwangua kazi yangu kwa brashi ya waya! Uliondoka na chakula? Ulijifungia mkate na jibini, ukaenda kama mtu anayekwenda kazini?"

Adelino aliusogeza mkate wa mezani mbali naye kidogo. Alikuwa amejifungia mkate na jibini.

"Mama, tulia basi," Telmo akaanza. "Sikiliza. Miti ya sita imekufa mingi, umeiona mwenyewe. Niliwaahidi kiwanda lori tatu. Iliyobaki haijazi hata mbili."

"Si ungesema."

"Ningemwambia nani?"

"Kiwanda! Dona Herminia! Mimi hapa! Kila Jumapili niko mbele yako natafuna mkate, huoni mdomo wangu ulipo, hujui masikio yangu yalipo?"

"Ungenikatalia."

"Ndiyo, ningekukatalia!"

"Basi ndiyo maana sikusema."

Alivyolisema hilo, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini amechukua mwavuli, Zulmira alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nywele. Ukifikiri vizuri, uongo wote wa nyumbani umekaa katika sentensi ile. Mtu anajua jibu ni hapana, kwa hiyo anaacha kuuliza, halafu anakuja mezani kula na wewe na kukusifia supu.

"Tulitaka usiumie roho," akasema Adelino. "Una presha."

"Aa! Kumbe ni dawa! Mmeninyang'anya jina ili presha ishuke!" Zulmira alipiga meza na sahani zikaruka. "Bibi kipofu amekupa miti yake kwa sababu umetoka tumboni mwangu. Hakuuliza lingine. Na wewe ukaenda kuitumia ile ile namba yangu kumwibia. Ikikauka utamwambia nini? Utasema ni ugonjwa?"

Telmo alisimama. Ni mtu mrefu, na akisimama katika jiko lile dogo anaonekana ameudhika hata asipokuwa ameudhika.

"Usijifanye malaika, mama. Miti kumi na mmoja ya kisimani ilikaukaje?"

Adelino aliinua macho kutoka kwenye supu kwa mara ya kwanza, akamtazama mkewe, na ilikuwa dhahiri kwamba yeye hili hakulijua.

"Nani alikuambia?"

"Babu. Kabla hajafa. Aliona haya kufa nalo, akanipa mimi nilibebe. Sikulisema mahali popote, mama. Miaka minane. Nilidhani ndivyo tunavyofanya katika nyumba hii."

Akachukua ufunguo wa gari, akaondoka, na chupa yake akaiacha haijafunguliwa.

Habari ya kisimani ni hii, na hapa simtetei Zulmira hata kidogo. Mwaka 1998 baba yake, Custódio, alikuwa msimamizi wa shamba lote la Dona Herminia, enzi hizo mume wa bibi akiwa hai. Custódio alitaka kukamilisha mzigo kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, akawaamuru watu wake wachune mialoni kumi na mmoja iliyo karibu na kisima, mialoni yenye gome la miaka mitano. Zulmira alikuja nyuma na ndoo. Aliona namba kwenye magome yaliyolala chini, akamtazama baba yake, baba akamwambia: "Piga, unyamaze." Akapiga. Akanyamaza. Katika miaka mitatu miti yote kumi na mmoja ilikauka, na mwenye shamba alipouliza, Custódio alisema dereva wa trekta amelima karibu mno na mashina akakata mizizi.

Dereva huyo alikuwa Belmiro. Alifukuzwa. Hakuna shamba lililompa trekta tena, kwa kuwa habari za namna hiyo husafiri haraka kuliko gari, naye akaenda kuvunja mawe katika machimbo ya marumaru mpaka mgongo ukapinda. Zulmira amekuwa akimsalimia mjini kwa miaka ishirini na minne. Kila Krismasi alimpelekea soseji. Soseji, badala ya neno moja! Mwanamke huyu aliyekuwa akitangaza mkoromo wake na mitihani ya mwanawe, alikuwa amechagua kwa uangalifu mambo gani ya kuwa muwazi nayo.

Jumapili ile alishinda ameketi jikoni. Adelino alisafisha meza, akakaa mbele yake, akauliza jambo moja tu.

"Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

"Ungeniambia niseme," akajibu Zulmira, na aliposikia alichokijibu, akajifunika uso kwa taulo ya vyombo.

Jumatatu jua lilipotoka, wachunaji kumi na sita walikuwa tayari chini ya mteremko, mashoka begani, wakitaniana juu ya nani alikunywa zaidi. Quintino, kiongozi wao, mzee wa miaka sitini na saba ambaye amechuna tangu akiwa na kumi na minne, alikuwa akipaka jiwe mate na kunoa. Telmo alikuwa akionyesha safu za kuanzia. Zulmira akapita katikati yao na ndoo yake, akaenda kusimama mbele ya mti wa kwanza, mgongo wake juu ya namba.

"Mama, ondoka hapo," Telmo akasema kwa sauti ya chini.

"Jamani, nisikilizeni," Zulmira akasema kwa sauti ya juu. "Miti hii mia mbili na kumi na miwili si ya sita. Ni ya nane. Niliipiga mwenyewe. Imekwanguliwa mwezi wa nne, na waliokwangua ni mwanangu huyu na mume wangu. Atakayetia shoka hapa anachuna gome la miaka saba, na asije kusema hakuambiwa."

Utani ulikatika. Vijana wawili walitazamana, mmoja akacheka kwa haya kisha akaacha. Quintino alikuja polepole, akausogeza mwili wa Zulmira kando kwa mkono kama anavyosogeza pazia, akakwaruza namba kwa ukucha.

"Nane ya Zulmira iliyokatwa sikio," akasema. "Niliiona wiki iliyopita."

"Uliiona?" Zulmira akamgeukia. "Uliiona ukakaa kimya?"

"Nilijisemea, si miti yangu."

"Na leo ungechuna?"

Quintino alitazama makali ya shoka lake. "Mkandarasi akisema chuna, nachuna. Mimi ni mkono tu, dada."

"Mkono tu! Shoka likiingia sentimita mbili likagusa mti mbichi, ni kichwa chako kinachojua au ni mkono? Usinitibue, Quintino. Umefundisha nusu ya watu hawa!"

Quintino akakunja uso, lakini shoka aliliweka chini, kwenye nyasi, na wengine wakaweka yao mmoja baada ya mwingine. Telmo alikuwa amesimama mikono ikiwa imelegea. Uso ulikuwa umemwiva.

"Umefurahi?" akamwuliza mama yake. "Umenimaliza. Nani atanipa kazi tena wilaya hii?"

"Sijui," akasema Zulmira. "Sijafurahi."

Akatoa simu, akaiweka kwenye spika, akampigia Dona Herminia. Alimkuta anakunywa kahawa, kijiko kikisikika kwenye kikombe. Alimweleza yote, idadi, mwezi, brashi ya waya, majina mawili, hakupunguza. Kijiko kilinyamaza.

"Telmo yupo hapo?" bibi akauliza.

"Nipo, Dona."

"Ungeniambia lori hazijai, ningekuambia peleka mbili. Nina miaka themanini na sita, mwanangu, lori ya tatu ningeipeleka wapi?" Akakohoa. "Chuna za sita zilizo hai, basi. Na nane utazirudisha wewe, kwa mkono wako, mchana, watu wakipita. Halafu sitaki kukusikia mpaka nitakapokuita."

"Ndiyo, Dona."

Zulmira angeweza kukata simu hapo. Kila mtu pale angemwona shujaa, na Telmo, ambaye alikuwa akimtazama, hakufungua mdomo. Alimwachia nafasi ile aingie au asiingie.

"Dona, kuna na jingine," akasema. "Mialoni ya kisimani. Mwaka tisini na nane. Haikukatwa mizizi. Baba yangu aliichuna ikiwa na miaka mitano. Niliona. Nilipiga namba."

Quintino akainama kutazama kama simu imezima. Naye alikuwepo mwaka ule. Yeye na Zulmira walijua hivyo wote wawili.

"Mume wangu alimfukuza Belmiro kwa ajili ya ile miti," bibi akasema.

"Najua, Dona."

"Kwa hiyo mimi unanipigia simu ya nini? Mimi nilipoteza miti. Nenda kwa Belmiro." Akakata.

Zulmira aliweka ndoo miguuni pa Telmo, brashi juu yake. Telmo hakuiokota brashi mbele yake. Aliiokota baadaye, na ilimchukua siku nne kuzirudisha nane zote, na mpaka leo hajala tena supu ya Jumapili kwa mama yake. Hilo nalo watu wanalihesabu upande wa makosa ya Zulmira.

Zulmira alishuka mlimani kwa gari akikanyaga mafuta, maana wachunaji kumi na sita wana simu kumi na sita, na alijua habari itamfikia Belmiro kabla hajaisikia kutoka kwake. Hilo angalau hakutaka limpate. Belmiro alikuwa mkahawani kama kila asubuhi, anacheza dhumna na wastaafu wenzake watatu, mgongo umepinda juu ya meza. Ana miaka sabini na minne. Simu ya mmoja wa wale watatu ilikuwa inaanza kulia Zulmira alipoingia.

"Usiipokee," akamwambia yule mtu. Halafu akasimama mbele ya meza. "Mzee Belmiro."

"Zulmira. Mbona una rangi ya maziwa? Keti."

"Siketi. Miti ya kisimani haikukauka kwa trekta lako. Baba yangu aliichuna kabla ya wakati wake, akakusingizia. Nilikuwepo, niliona, nilijua siku ile ile. Sikusema."

Mwenye mkahawa alizima mashine ya kahawa. Belmiro alikuwa na kipande cha dhumna mkononi, akakiweka mezani, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Siku ile ile," Belmiro akasema.

"Siku ile ile."

"Na soseji zilikuwa za nini?"

Mmoja wa wastaafu akasema, "Haya, Belmiro, ni mambo ya zamani, mtu kaja mwenyewe," na Belmiro akamgeukia kwa ghadhabu ambayo hakuna aliyejua bado anayo.

"Ya zamani kwako wewe! Mimi kila asubuhi navaa soksi kwa nusu saa!" Akashika ukingo wa meza akasimama, kipande kwa kipande, mpaka akafika pale mgongo wake unapoishia. "Lurdes wangu amekufa Februari," akamwambia Zulmira.

"Najua. Nilikuja mazishini."

"Ulikuja, ulileta na maua. Miaka ishirini na minne nilimwambia, Lurdes, sikugusa mizizi. Nilimwambia kitandani, nilimwambia mezani, nilimwambia hospitalini. Alikuwa akinijibu, haya, Belmiro, yamepita, mimi nilishakusamehe. Kunisamehe!" Sauti ilimpasuka. "Mke wangu amekufa akiwa amenisamehe kitu ambacho sikukifanya."

Zulmira alikuwa akilia bila kujifuta.

"Nifanye nini, mzee? Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Mwambie."

"Nani?"

"Lurdes. Yuko pale juu nyuma ya kanisa, safu ya tatu. Mimi nilishamwambia, hakuniamini. Wewe alikuwa akikuamini."

Walitoka, Zulmira mbele, Belmiro nyuma akishika ukuta, na wastaafu watatu nyuma yake, na mwenye mkahawa na aproni yake. Mtaani watu walisimama milangoni. Wengine walikuwa wameshapata simu kutoka mlimani, na wakaanza kufuata. Kaburi la Lurdes lilikuwa bado jeupe, picha yake ndani ya kioo, amevaa hereni.

Zulmira alisimama mbele ya kioo kile.

"Lurdes," akasema, "mumeo hakuigusa mizizi."

"Paza sauti," akasema Belmiro.